Chakula Chetu Kwenye Meza ya Fahari

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama na majirani katika mlo wa jioni wa maadhimisho ya hekalu, Mwanza

      

Kamati iliponitaka niseme machache usiku huu, nilidhani nitaagizwa kusimulia historia ya jengo hili, maana kwa umri wangu ndiyo kazi tunayopewa. La hasha. Historia amekabidhiwa mtu mwenye kumbukumbu njema kuliko yangu. Mimi nimepewa chakula. Sababu mnaijua. Vijana wetu wamependekeza kwamba mwakani mlo wa maadhimisho uandaliwe kama ule wa migahawa mipya ya Kihindi iliyopata sifa Delhi, Dubai na London: meza za duara zenye vitambaa vyeupe, tiketi za bei ya juu, na sahani ndogo ndogo zikiletwa moja baada ya nyingine. Wako waliofurahi, wako waliokasirika. Nami, kwa kuwa ni miongoni mwa wachache humu ndani waliokwisha kula katika migahawa ya aina hiyo na kulipa bili kwa fedha zao wenyewe, nimetakiwa nitoe ushahidi.

Nitautoa kama mfanyabiashara wa nafaka na mikunde. Elimu yangu iliishia sekondari. Tangu hapo mwalimu wangu amekuwa daftari la mapato na matumizi.

Nianze na Delhi. Uko huko mgahawa uitwao Indian Accent, uliofunguliwa mwaka 2009 katika hoteli ndogo ya The Manor, na baadaye ukahamia hoteli ya The Lodhi. Jiko lake liliongozwa tangu mwanzo hadi mwaka 2024 na Manish Mehrotra, mzaliwa wa Bihar, ambaye kabla ya hapo alikuwa akipika vyakula vya Kithai na vya nchi jirani zake, kwanza Mumbai na kisha London. Tulikwenda pale mke wangu na mimi tulipokuwa India kwa harusi ya jamaa. Shemeji yangu alikuwa ameweka nafasi mapema mno, na alitutahadharisha njia nzima tusichelewe, kana kwamba tunakwenda kupanda ndege.

Kabla hatujakaa sawasawa tuliulizwa maswali. Kuna asiyekula nyama? Kuna asiyekula mayai? Kitunguu je? Kitunguu saumu? Mizizi inayochimbwa chini ya ardhi, ambayo ndugu zetu Wajaini hujizuia nayo? Kwa sisi tuliozoea, tukiwa safarini, kuambiwa na mwenye hoteli kwamba mboga hii haina nyama kabisa bali mchuzi wake tu ndio wa nyama (naona mnacheka kwa sababu nanyi mmeambiwa), maswali yale yalikuwa na ladha kabla ya chakula chenyewe.

Cha kwanza kuletwa ni mkate mdogo wa naan, hauzidi kiganja cha mtoto, umejazwa jibini yenye ukungu wa buluu, nao unafuatana na kikombe kidogo cha supu. Mke wangu, ambaye hali kitu asichokijua asili yake, aliuliza kama jibini hiyo imegandishwa kwa dawa itokayo tumboni mwa ndama. Mhudumu hakubahatisha jibu. Alikwenda jikoni kuuliza. Nawaomba mlikumbuke hilo, maana nitalihitaji baadaye.

Zikaja puri tupu, zile ambazo Kolkata huziita phuchka nasi Wagujarati tunaziita pani puri, kila moja imekalia kikombe cha maji yenye ladha yake, aina tano kwa jumla. Katika njia za miji ya India kitu hiki huliwa kwa kusimama, mtu akiwa ameinama mbele ili asichafue shati. Ukaja uyoga wa guchchhi, unaookotwa mwituni katika milima ya Kashmir majira ya baridi yakiisha. Watu wengi wamejaribu kuulima na kazi ni ngumu, ndiyo maana bei yake haitamkiki mbele ya watoto. Katikati ya mlo tuliletewa barafu tamu ya komamanga, imetiwa churan, ule unga mchachu ambao bibi zetu walitulambisha tulipovimbiwa, nayo imewekwa ndani ya sufuria ya presha ndogo kama kichezeo. Mke wangu aliishika ile sufuria akacheka peke yake kwa muda mrefu. Sikumuuliza alichokumbuka.

Lakini kilichonikaa moyoni ni daulat ki chaat. Jina hilo maana yake ni chaat ya utajiri. Ni povu la maziwa, jepesi kiasi kwamba ulimi haupati muda wa kulishika. Asili yake ni Delhi ya zamani, katika vichochoro vya Chandni Chowk, na huuzwa wakati wa baridi tu. Maziwa hulazwa nje usiku, yakapata ubaridi na umande, kisha alfajiri hupigwa na kupigwa, na mtengenezaji hukusanya povu kidogo kidogo juu ya sinia. Jua likishapanda, bidhaa imekwisha. Lucknow wanayo ya kwao wakiiita nimish au makkhan malai, na Varanasi wanaiita malaiyo. Pale mgahawani ililetwa imezungukwa na noti za rupia za bandia, ili jina la utajiri lisipotee bure. Shemeji alizikusanya akasema zitatusaidia kulipa bili. Hazikusaidia.

Bili ilipokuja nilifanya lile nifanyalo ghalani: nilianza kukokotoa. Maziwa. Unga. Dengu. Mchele. Komamanga. Ukwaju. Ukiuondoa ule uyoga wa Kashmir, malighafi yote iliyopita mezani petu imo katika stoo ya mama yeyote aliyeketi humu ndani. Nimeuza dengu kwa zaidi ya miaka thelathini. Bei yake naijua nikiwa usingizini. Basi nilikuwa nimelipia nini? Kodi ya jengo, ndiyo. Vitambaa na glasi, ndiyo. Sehemu kubwa, hata hivyo, nililipia mikono. Nililipia mtu aliyeamka usiku kupiga maziwa, na mwingine aliyejua saa ya kuacha kuyapiga. Nililipia mhudumu aliyepewa ruhusa ya kutojua na wajibu wa kwenda kuuliza. Na nawaambieni, kwa mtu ambaye hupunguza bei kila kitu hata dawa ya meno, sikuona kwamba nimeibiwa.

Ili mwone kwa nini jambo hili ni geni, niwarudishe nyuma kidogo. Mwaka 1810 mtu mmoja aitwaye Sake Dean Mahomed, naye pia mzaliwa wa Bihar, katika mji wa Patna, alifungua London nyumba ya chakula cha Kihindi karibu na Portman Square, akaiita Hindoostane Coffee House. Mwaka 1812 alifilisika. Miaka zaidi ya mia ilipita. Mwaka 1926 ukafunguliwa Veeraswamy katika barabara ya Regent. Baadaye watu wa Sylhet, katika nchi ambayo leo ni Bangladesh, waliijaza Uingereza migahawa ya mchuzi wa bei nafuu, wakifanya kazi mpaka usiku wa manane. Na huko Delhi, baada ya mgawanyiko wa mwaka 1947, wakimbizi wa Punjab walianzisha migahawa ya tanuri. Basi dunia ikaamini kwamba chakula cha Kihindi ni tanuri la Punjab na mchuzi mwekundu. Vyetu vya Gujarat, handvo, khandvi, undhiyu, kadhi, vilibaki nyumbani na katika kumbi kama hii. Hakuna aliyevitia bei, kwa hiyo hakuna aliyevifikiria kuwa mali.

Mabadiliko yalikuja polepole. Mwaka 2001 wapishi wawili wa London, Atul Kochhar wa Tamarind na Vineet Bhatia wa Zaika, walikuwa Wahindi wa kwanza kupewa nyota ya Michelin, ile tuzo ya Wafaransa ambayo wapishi huilalia njaa. Mwaka 2024 Gymkhana ya London ikafikia nyota mbili. Mwaka 2025 Trèsind Studio ya Dubai, yenye viti ishirini hivi, ikapewa nyota tatu, jambo ambalo mgahawa wa Kihindi haukuwa umelipata popote. Mpishi wake mkuu, Himanshu Saini, alianzia kazi katika jiko lile lile la Indian Accent nililowasimulia. Mwaona jinsi ujuzi unavyotembea: kutoka mkono hadi mkono, na si kwa barua.

Na watu hawa walipandaje? Waliacha mchuzi mwekundu wakarudi nyumbani na barabarani. Walikwenda kwa bibi, kwa muuza puri, kwa mtengeneza povu wa Chandni Chowk. Upya wao wote ni ukale wetu uliooshwa ukavishwa nguo safi. Silisemi hilo kwa kuwadharau. Anayejua kuokota kilichodondoka njiani kwa watu elfu ni mfanyabiashara kweli.

Niseme kitu kidogo cha pembeni, kwa ajili ya majirani zetu. Ukiingia migahawa ya Wembley au Southall huko London, kwenye orodha ya vyakula utakuta neno mogo. Ni muhogo huo huo wa hapa. Jamaa zetu walioondoka Kenya, Uganda na Tanzania waliubeba kwenye midomo yao, wakaukaanga, wakautia pilipili na ndimu, na leo mtoto aliyezaliwa Uingereza hudhani mogo ni neno la Kigujarati. Nanyi mmechukua kwetu chapati, bajia, achari na kachumbari, wala hakuna aliyemdai mwenziwe. Biashara hiyo sijaiona ikiandikwa kwenye daftari lolote.

Sasa nifike mahali penye uzito.

Muda baada ya safari ile ya Delhi, katika mji mwingine ambao siutaji, tuliketi katika mgahawa mwingine wa aina hiyo hiyo. Taa hafifu, muziki wa chini kwa chini, orodha ya vyakula imeandikwa kama shairi. Humo nikaona neno khandvi, na moyo ukaruka. Mke wangu ni binti wa mwanamke aliyesifika kwa khandvi. Katika ukoo wao huwezi kuolewa bila kujua kuikunja. Tuliagiza. Vikaja vipande vinne juu ya jiwe jeusi, na pembeni povu la haradali. Mhudumu, kijana mpole, alitueleza kwa kirefu namna chakula hicho kinavyoliwa katika mila za Gujarat. Mke wangu alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, kisha akachukua uma akajaribu kukikunjua kipande kimoja. Hakikukunjuka. Kilivunjika kama chaki.

Kwa wasioijua kazi yenyewe, nieleze. Unachukua unga wa dengu, unaukoroga na mtindi uliopunguzwa kwa maji, manjano, tangawizi na pilipili mbichi iliyopondwa. Unaupika kwa moto wa wastani huku mwiko hausimami. Ipo dakika moja, nasema moja, ambapo uji huo uko tayari. Ukiwahi, haushiki, ukichelewa, unaganda mabonge. Mjuzi hupaka tone juu ya sahani na kungoja kidogo. Likibanduka kama ngozi, wakati umefika. Hapo lazima umwage na kusambaza upesi kwenye mgongo wa sinia, kwa wembamba wa kitambaa, kabla haujapoa. Kisha unakata riboni, unakunja kila moja, unamwagia mafuta ya moto yenye haradali na ufuta, na juu nazi na majani ya giligilani. Khandvi njema ukiishika kwa vidole inakunjuka yote bila kukatika. Ile ya kwenye jiwe jeusi ilichelewa. Jikoni mule hapakuwa na mtu aliyejua ile dakika, na bei ilikuwa imeandikwa kana kwamba yupo.

Tulipokuwa tukirudi nilimuuliza mke wangu: Mwanza nzima, ni mikono mingapi inayoijua dakika hiyo leo? Akahesabu kwa vidole. Alihesabu mama wawili, wote wamepita miaka sabini na wote wako hapa usiku huu, Mungu awazidishie. Alijihesabu mwenyewe, akasema magoti yake hayamruhusu tena kusimama mbele ya jiko kwa watu mia nne. Wa nne akasema ni mzee wetu wa jiko la ukumbi.

Mnamjua nyote. Ameketi pale karibu na mlango wa nyuma kwa sababu ana sufuria motoni na hamwamini mtu. Ni Msukuma. Aliingia jikoni akiwa kijana, katika nyumba ya Ba mmoja ambaye sasa ni marehemu, na Ba yule, asiyejua Kiswahili zaidi ya maneno ya sokoni, alimfundisha kwa kumpiga kofi la mkono kila alipokosea na kumpa cha kwanza kuonja kila alipopatia. Leo anapika kadhi na undhiyu kuliko vijana wetu wote wakiwekwa pamoja. Undhiyu yake haina maharage ya Surat; ina viazi vitamu vya huku kwetu, ndizi mbichi, viazi vikuu na bilinganya ndogo, na jamaa waliotoka Surat wameomba waongezewe. Akishatulisha sote, huenda zake kula ugali kwa sato. Husema vyakula vyetu ni vizuri ila havishibishi.

Niruhusuni niseme neno ambalo huenda halipendezi katika usiku wa sherehe. Katika nyumba nyingi za jamii yetu mtu kama huyu aliitwa boi, hata alipokuwa na wajukuu. Mgeni aliposifu chakula, sifa zilikwenda kwa mama mwenye nyumba, naye mama akazipokea. Huko Delhi mpishi hutajwa kwa jina na magazeti, na watu hupanda ndege kumfuata. Hapa anayeijua ile dakika anaingilia mlango wa nyuma. Na kuhusu malipo yake, vitabu nimeviona, sitataja tarakimu mbele za watu. Nasema tu kwamba bili ya watu wawili niliyolipa Delhi inakaribia mshahara wake wa mwezi mzima.

Wala tusijidanganye kwamba kitu hiki ni chetu peke yetu. Dengu zinazosagwa kuwa unga wa khandvi zinalimwa hapa hapa. Wakulima wa Mwanza na Shinyanga huzipanda kwenye udongo mweusi wa mbugani mvua zinapokaribia kwisha, zikakua kwa unyevu uliobaki ardhini. Mimi na wenzangu tunazinunua na kuzisafirisha, na nyingi huishia India. Huenda khandvi uliyoila Ahmedabad ilitembea na lori la Mwanza. Mbaazi nazo ni vivyo hivyo. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini mwake, sisi wenye maghala tulilala macho, na mkulima wa mbaazi aliumia kuliko sisi. Basi mkulima ni Mtanzania, mpishi ni Mtanzania, na mapishi yalikuja kwa jahazi. Chakula hiki kina wazazi wengi.

Nirudi kwenye pendekezo la vijana, maana naona Mwenyekiti anatazama saa.

Juu ya tiketi kwa mlo wa maadhimisho, jibu langu ni hapana. Mlo huu ni mahaprasad. Siku inayofuata Diwali tunapoadhimisha Annakut, tunarundika vyakula mbele ya Bwana kama mlima, na baada ya kutolewa hugawiwa kwa kila aliyefika. Hatujawahi kuweka mtu mlangoni wa kuuliza nani amelipa. Mgahawa wa viti ishirini unajua mapema watakaokuja ni ishirini. Uzuri wake wote umejengwa juu ya hesabu hiyo. Sisi tunapika bila kujua idadi. Katika pangat, tukiketi safu kwa safu, nimewahi kuwa na daktari mkono wa kulia na fundi baiskeli mkono wa kushoto, na aliyetugawia kadhi alikuwa meneja wa benki, tena alinimwagia kwenye kanzu. Sahani ndogo juu ya jiwe jeusi haiwezi kufanya kazi hiyo.

Juu ya mengine, vijana wamesema kweli na wazee wawasikilize. Wamechoka na chakula kilichopoa. Wamechoka na mgawaji anayepita mbio kama anafukuzwa. Wanaona aibu mgeni anapouliza kama kitu fulani kina karanga, na kila mtu anamtazama mwenziwe. Hayo yote yanaponywa bila vitambaa vyeupe. Mhudumu wa Delhi alikwenda jikoni kuuliza. Sisi pia tunayo miguu.

Na kama wanataka usiku wa fahari, wapewe usiku wao. Usiwe usiku wa maadhimisho. Uwe siku nyingine, mara moja kwa mwaka, katika ukumbi huu huu, kwa watu sitini, kwa tiketi, na wapambe wanavyopenda. Waweke hata povu, mradi khandvi ikunjuke. Wafanyakazi wa benki na wa migodi wanaotafuta mahali pa kuwakaribisha wageni watakuja, nami nitanunua meza moja mwenyewe. Ila mpishi awe huyu huyu wetu na wasaidizi wake, majina yao yaandikwe juu ya orodha ya vyakula, na faida yote iende kwenye malipo ya jiko. Thal anayotolewa Bwana itabaki mikononi mwa pujari kwa kanuni zake, siigusi. Nazungumzia jiko la ukumbi.

Wako watakaouliza kama hekalu linaweza kumlipa mpishi kwa kiwango cha fundi mkuu mwaka mzima, maana usiku mmoja hautoshi. Nimepiga hesabu ya mapambo na fataki za miaka mitatu iliyopita, nikamwonyesha mweka hazina. Tumekubaliana kwamba fedha zipo. Karatasi iko mezani kwa Kamati, na tarehe ya kikao mnaijua.

Kamati imeniruhusu nitangaze jambo moja ambalo limekwisha kuamuliwa. Kuanzia Jumamosi ya kwanza baada ya Diwali, saa nne asubuhi, jiko la ukumbi litakuwa wazi kwa mafunzo. Mzee wetu amekubali kufundisha, kwa malipo, na wale mama wawili wameahidi kuketi kwenye viti na kumkosoa, kazi ambayo wamesema wataifanya bure. Wanaokaribishwa ni vijana wa kike na wa kiume wa jamii yetu, na majirani wote wanaopenda kujua, wa dini yoyote. Nafasi kwa kuanzia ni kumi na mbili, kwa sababu ya majiko. Majina yaandikishwe kwa Mahila Mandal. Tayari wavulana watatu wameandikishwa, mmoja wao ni mjukuu wangu, ambaye hadi sasa anajua kupasha moto tu.

Somo la kwanza ni khandvi. Kila mmoja aje na kitambaa cha kufunga kichwani na sinia moja bapa kutoka nyumbani, maana masinia ya hekalu hayatoshi na migongo yake imekwaruzika.

 Naona mzee ananipungia mwiko kule mlangoni. Puri zimeanza kutoka.